Ni Ujana Tu, au Kuna Kitu? Jinsi ya Kusoma Tabia ya Kijana Wako

Hebu fikiria nyumba mbili za mtaa mmoja. Kila nyumba ina kijana wa kidato cha pili, umri miaka 15. Jioni moja wote wawili wanaulizwa na mama zao, "Mbona vyombo havijaoshwa?" Wote wawili wanafanya kitu kilekile: wanasonya, wanaingia chumbani, wanabamiza mlango.

Kijana wa kwanza anatoka baada ya saa moja. Anakula, anabishana na wadogo zake kuhusu tamthilia, kisha anaomba hela ya bando kana kwamba hakuna kilichotokea. Kijana wa pili hatoki. Hata jana hakumaliza chakula. Mpira wa jioni aliacha kwenda tangu mwezi uliopita, na yule rafiki aliyekuwa akimpitia asubuhi waende shule pamoja siku hizi hapiti tena.

Kishindo cha mlango ni kilekile. Lakini wa kwanza ana ujana tu, na wa pili huenda anaumwa.

Ukiwepo dakika ile tu mlango unapobamizwa, huwezi kuwatofautisha. Hapo ndipo wazazi, walimu na hata sisi kaka na dada wakubwa tunapokwama. Tunaangalia kitendo: kasonya, kagoma, kafeli. Tunasahau kuuliza alikuwaje, kawaje, na imeanza lini. Ukisahau mengine yote katika makala hii, bakiza hili: usimpime kijana wako kwa kijana wa jirani. Mpime kwa yeye mwenyewe, vile alivyokuwa miezi michache iliyopita.

Kwani tatizo ni kubwa kiasi hicho?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Jirani zetu wa Kenya walifanya utafiti wa kitaifa kwa vijana wa miaka 10 hadi 17, na matokeo yakatolewa 2022. Karibu asilimia 44 walikuwa wamepitia dalili za tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na karibu asilimia 12 walifikia vigezo kamili vya ugonjwa. Chukua darasa la wanafunzi 50: hao asilimia 12 ni wanafunzi sita.

Halafu kuna suala la muda. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa 2021 ulikusanya tafiti 192 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Ulionyesha kwamba kama theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu huanza kabla ya miaka 18. Yaani ugonjwa mwingi tunaokuja kuuona ukubwani ulianza kubisha hodi mtu akiwa bado anavaa sare ya shule.

Tatizo ni kwamba unapobisha hodi, sisi tunaupa majina mengine. Tunasema ni kiburi, ni uvivu, ni utovu wa nidhamu, anatafuta kiki, ana mapepo. Na kila jina huja na tiba yake: fimbo, kusemwa mbele ya wageni, kunyang'anywa simu, kuhamishwa shule. Miezi inapita, na kitu ambacho kingetibika mapema kinazidi kuota mizizi.

Kwanza, ujana wenyewe unafanya nini?

Ili kuona kisicho cha kawaida, lazima tujue cha kawaida kikoje. Ubongo wa kijana haukomai wote kwa mwendo mmoja. Maeneo ya ndani yanayohusika na hisia na raha huchangamka mapema, balehe inapoanza. Eneo la mbele, nyuma ya paji la uso, ambalo hupanga mambo, hupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu afike miaka ya ishirini na kitu. Kwa lugha ya mtaani, pikipiki imeshawashwa lakini fundi bado anafunga breki.

Usingizi nao hubadilika. Mwili hutoa homoni iitwayo melatonini giza linapoingia, nayo huutaarifu ubongo kwamba usiku umefika. Wakati wa balehe homoni hii huchelewa kutoka, wakati mwingine kwa saa nzima au hata mbili. Ndiyo maana kijana anakuwa macho saa tano usiku wakati wewe umeshasinzia kwenye kochi. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Sasa mtu aliyelala saa sita usiku akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, hesabu unaiona mwenyewe. Jumamosi akilala mpaka saa nne asubuhi, si lazima iwe sonona. Analipa deni.

Kwa hiyo haya ni mambo ya kutarajia: kubishana zaidi, kutaka faragha, kuona marafiki ni bora kuliko ndugu, kununa na kununuka ndani ya siku moja, kuona aibu kutembea na mama sokoni. Yanachosha, sawa. Lakini hali hizi huja na kuondoka, na katikati yake bado unamwona mtoto wako uliyemzoea.

Maswali manne ya kujiuliza

*La kwanza: ni mabadiliko, au ndivyo alivyo?* Kuna watoto wakimya tangu wakiwa chekechea. Ukimya wao si dalili. Kinachotakiwa kukushtua ni mropokaji aliyenyamaza, msafi aliyeacha kuoga, mtoto wa namba tano darasani aliyeshuka hadi ya arobaini bila sababu inayoeleweka, au mwoga wa siku zote ambaye ghafla hajali hatari yoyote.

*La pili: imedumu kwa muda gani?* Madaktari wanapochunguza sonona hutafuta dalili zilizokaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa angalau wiki mbili. Siku mbili za kununa baada ya timu kufungwa hazihesabiki. Wiki mbili mfululizo za kukosa hamu ya kitu chochote zinahesabika.

*La tatu: imeenea wapi?* Ikiwa anagombana na baba tu, lakini shuleni yuko sawa, marafiki wapo na kwa bibi anacheka, basi pengine kinachohitaji matengenezo ni uhusiano wake na baba. Hali ikionekana nyumbani, shuleni na kwa marafiki kwa pamoja, hiyo inatoka ndani yake. Lakini usikate shauri kwa kuona upande mmoja. Wapo wanaojikaza shuleni kutwa nzima kisha wanaporomoka wakifika nyumbani, kwa hiyo muulize mwalimu wake wa darasa.

*La nne: inamzuia nini?* Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kula, kulala, kusoma, kuwa na watu, kujitunza mwili: je, kuna kimojawapo ambacho zamani alikifanya bila shida na sasa kinamshinda? Wasiwasi kabla ya mtihani wa taifa ni wa kawaida. Wasiwasi unaomfanya atapike kila asubuhi ya shule hadi anabaki nyumbani, huo umeshamzuia kuishi.

Kama mtoto yuko bweni, unamwona likizo tu, na wiki ya kwanza ya likizo kila mtu anafurahi kurudi nyumbani. Linganisha likizo na likizo: Juni hii na Desemba iliyopita. Angalia mwili wake, kakonda au la. Angalia ripoti. Mpigie matroni au patroni, na usiishie kuuliza "Vipi nidhamu yake?" Uliza, "Anakula? Analala? Ana rafiki wa karibu?"

Jambo jingine: wakati mwingine sababu inajulikana. Kafiwa, wazazi wametengana, kabakwa, kahamishwa shule, kaachwa na mpenzi. Kujua sababu kusikufanye useme, "Ah, ni kwa ajili ya msiba, atazoea." Mguu uliovunjika kwa ajali unajulikana ulivyovunjika, na bado unafungwa hogo.

Sura zinazotudanganya

Tukisikia sonona, wengi tunamfikiria mtu analia kwenye kona. Kwa vijana mara nyingi haiko hivyo.

*Hasira.* Katika mwongozo unaotumiwa na madaktari wa magonjwa ya akili, uitwao DSM, hali kuu ya sonona kwa mtu mzima ni huzuni au kupoteza hamu. Kwa watoto na vijana, mwongozo huohuo unasema huzuni inaweza kujitokeza kama hasira na kukereka kusikoisha. Kwa hiyo kijana anayewaka kwa kila neno anaweza kuwa ni mgonjwa tunayemwita mkorofi. Wavulana ndio huumia zaidi hapa, maana wamefundishwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii. Hasira ndiyo hisia pekee waliyobakishiwa.

*Maumivu ya mwili.* Kichwa kila siku, tumbo kila Jumapili jioni, moyo kwenda mbio. Mnapima malaria haipo, mnapima UTI haipo. Usiseme anaigiza. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake kinaweza kuwa wasiwasi au msongo. Wengine watakwambia tu, "Nina mawazo mengi." Usiipuuze kauli hiyo. Watafiti wameikuta "kufikiri sana" katika lugha nyingi za Afrika na Asia kama namna ya watu kueleza mateso ya ndani. Washona wa Zimbabwe wana neno lake kabisa, kufungisisa.

*Uvivu.* Sonona hupunguza nguvu za mwili na uwezo wa kuzingatia jambo. Mtu anasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kinachoingia. Kwa nje anaonekana hajali masomo.

*Mapepo.* Kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatiliwa au chakula chake kimetiwa sumu, kuongea mambo yasiyoungana, hizo zinaweza kuwa dalili za saikosisi. Magonjwa ya aina hii mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na wakati mwingine hutanguliwa na miezi ya kujitenga, kushuka shuleni na kushuku watu. Bangi huongeza hatari hiyo, hasa ikianza mapema. Kama familia yenu inaamini katika maombi, ombeni. Ila ombeni mkiwa mmeshapita hospitali. Kadiri matibabu ya saikosisi yanavyocheleweshwa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

*Mtoto asiyesumbua.* Huyu ndiye husahaulika kabisa. Hapigi kelele, hatoroki shule, hajibu jeuri. Anazima taratibu tu, na sisi tunamsifu ana adabu.

Mambo yasiyosubiri wiki mbili

Kwa haya, weka kando maswali manne na uchukue hatua leo: kuzungumzia kufa au kujiua, hata kwa utani, kusema "mkiwa bila mimi mtapumua" au "mimi ni mzigo tu", kugawa vitu anavyovipenda na kuaga watu, kujikata au kujiumiza kwa makusudi (angalia anayevaa mikono mirefu hata kwenye joto kali), kusikia sauti zinazomwamrisha, kukataa kula kabisa.

Kujiumiza si "kutafuta kiki". Hata kama ni kutafuta kuonwa, jiulize: mtoto afike mahali pa kuumiza ngozi yake ili aonwe, hajaonwa kwa muda gani?

Wengi wanaogopa kumuuliza kijana kuhusu kujiua, eti utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti walilipima hili katika shule za sekondari za jimbo la New York, matokeo yakachapishwa 2005. Waliwagawa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika makundi mawili, kundi moja likaulizwa maswali ya kujiua mapema na jingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao. Wale waliokuwa na historia ya kujaribu kujiua, au waliokuwa na sonona, hawakuonyesha madhara pia. Kwa hiyo uliza waziwazi, kwa sauti tulivu: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimgombeze, usimkumbushe dhambi. Fungia dawa zote za nyumbani na sumu za wadudu za shambani mahali asipofika, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Unaanzaje mazungumzo?

Usimweke kikao cha ukoo. Kijana akikutana na baba, mama, baba mdogo na shangazi wamekaa duara, atasema "niko sawa" na mlango utafungwa moja kwa moja. Mazungumzo mazuri hutokea pembeni: mkichambua mchele, mkifua, mkitembea kwenda dukani. Kutotazamana usoni humrahisishia kusema.

Anza na ulichokiona, usianze na hukumu. "Siku hizi umekuwa mvivu sana" ni hukumu. "Mwanangu, naona wiki ya tatu hii huendi mpirani, na chakula unaacha. Sijakasirika. Nataka kujua unajisikiaje" ni uchunguzi. Kisha nyamaza. Kweli, nyamaza. Kimya cha dakika moja kitakuwasha, lakini ndicho kinachompa nafasi.

Usiharakishe kulinganisha: "Sisi enzi zetu tulitembea kilomita kumi kwenda shule." Inawezekana ni kweli, lakini haimsaidii. Akikataa kuongea nawe, muulize angependa kuongea na nani. Labda mjomba, labda bibi, labda mwalimu fulani. Si aibu kwako kama mtu huyo si wewe.

Uende wapi?

Anza na kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Mweleze daktari mabadiliko yote, ya mwili na ya tabia, kwa sababu yapo magonjwa ya mwili yanayofanana na haya. Upungufu wa damu, ambao huwapata sana wasichana waliovunja ungo, humfanya mtu achoke na ashindwe kuzingatia. Matatizo ya tezi ya shingo na aina fulani za kifafa nayo hubadilisha tabia. Yakishaondolewa shaka, omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho. Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma ni hospitali zenye wataalamu wa fani hii. Kwenda Mirembe si kuwa "kichaa", kama ambavyo kwenda kliniki ya moyo si kufa. Kwa ushauri wa simu kuhusu mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania, na Kenya nao wana 116 yao.

Na msaada hauna maana ya vidonge lazima. Kwa vijana wengi hatua ya kwanza ni mazungumzo yenye mpangilio na mtaalamu. Kenya kuna programu iitwayo Shamiri, ambapo vijana waliomaliza sekondari walifundishwa kuongoza vikundi vya wanafunzi wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vikao vilikuwa vinne tu, cha saa moja kila wiki. Utafiti wake wa wanafunzi 413, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba dalili zao zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea tu. Hao walioongoza hawakuwa madaktari. Walifunzwa, wakasikiliza.

Sasa kazi ya leo usiku. Chukua daftari, andika jina la kijana wako, halafu andika mambo matatu: analala saa ngapi, anakula vipi, na mara ya mwisho kumsikia akicheka ilikuwa lini. Rudia baada ya wiki mbili. Yakiwa mazuri, umempata mwanao. Yakiwa mabaya, una kitu cha kumwonyesha daktari. Na kama umekaa na kalamu mkononi na swali la tatu huna jibu lake, basi usisubiri hizo wiki mbili. Nenda kamgongee mlango.